Pedali Isiyokuwa na Nti

Pedali ya gita ikianza ukorofi, usianze na pedali. Anza ukutani. Angalia soketi kama ina umeme, halafu adapta kama ndiyo yenyewe, halafu waya unaotoka kwenye gita, halafu waya unaokwenda kwenye spika, na ukimaliza yote hayo ndipo uiinamie pedali yenyewe uiulize ina nini. Nimeufuata utaratibu huo mara nyingi hata naweza kuufuata macho yakiwa yamefumbwa. Ila katika msururu huo sikuwahi kumweka mtu. Nilikagua kila kitu kilichokuwa kati ya ukuta na spika isipokuwa shoga yangu, aliyekuwa amekaa papo hapo katikati akinishikia tochi.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, mtu wa bara, na nilipohamishiwa Amu, yaani Lamu, nilishuka gatini na sanduku la nguo, gita la umeme, na pedali yangu iliyoviringishwa ndani ya taulo. Kwa asiyeijua, pedali ni kisanduku cha chuma kinachokaa sakafuni mbele ya mpigaji. Gita linaingia upande mmoja, spika inachomekwa upande wa pili, na hapo katikati kuna kompyuta ndogo inayoigeuza sauti: inaitia mwangwi, inainenepesha, inaifanya ilie kama inayotoka mbali. Ukipata sauti unayoipenda unaihifadhi, na kesho ukikanyaga kitufe kwa mguu inarudi vilevile. Kanisani kwetu bara nilikuwa na sauti mbili tu, ya kusifu na ya kuabudu. Kuitumia pedali hasa nilifundishwa Amu.

Aliyenifundisha ni yeye. Alikuwa akipiga kinanda katika kikundi cha wanawake wanaoimba kwenye sherehe za harusi, zile za wanawake watupu ambazo mwanamume hatii mguu, kwa hiyo mwanamke anayejua kupiga chombo hutafutwa kwa tochi. Jioni moja alinisikia nikijifurahisha chumbani kwangu, akapanda ngazi bila kumwuliza mwenye nyumba, akasimama mlangoni, na neno la kwanza aliloniambia lilikuwa shoga. Kule kwetu neno hilo lina maana nyingine, tena si la kumwambia mtu usiyemjua. Nilinuna. Nilimweleza kwa heshima zangu zote kwamba mimi ni mwalimu na ninasali. Aliponielewa alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi, akaniambia kuwa kwao shoga ni mwanamke aliye rafiki wa mwanamke mwenziwe, na kama sitaki kuwa shoga yake basi nimpe maji ya kunywa aende zake. Nilimpa maji, na hakwenda.

Siku ya kwanza nilipoipeleka pedali nyumbani kwake, ilivuma. Mvumo mnene, wa chini, usiokoma hata nisipopiga kitu. Marehemu babake alikuwa fundi wa redio na yeye ndiye aliyerithi bisibisi zake, pamoja na masikio yake. Aliinama, akasikiliza kidogo, akasema, "Haina nti."

Wakati huo nilikuwa nimeshajua kwamba Waamu husema nti pale sisi tunaposema nchi, na nilijiona mjuzi. Nikaigeuza pedali juu chini nikamwonyesha mgongo wake. Nilimwambia inayo nchi, hii hapa, imeandikwa kabisa ilikotengenezwa. Alinitazama, akaitazama pedali, akaenda dirishani kucheka ili asinicheke usoni. Nti aliyoisema ilikuwa ardhi, ule waya wa tatu wa umeme unaoshuka mpaka udongoni. Plagi yangu ilikuwa ya pini mbili, na mimi nilikuwa nikiiingiza ukutani kwa kuchokoa tundu la juu kwa kalamu, kama tunavyofanya nchi nzima, au tuseme nti nzima. Akaniambia niweke vidole juu ya nyuzi za gita. Mvumo ukanyamaa. Nikaviondoa, ukarudi.

"Waona?" akasema. "Weye ndiwe nti yake."

Nililipenda neno hilo kuliko nilivyomwonyesha. Kwa mtu anayeitwa mtu wa bara hata anaponunua nyanya, kuambiwa kwamba yeye ndiye ardhi ya kitu fulani, hata kama ni kisanduku cha chuma tu, si jambo dogo.

Tukaanza kukutana kila wiki baada ya alasiri, juu kwake, kwenye mkeka wa Kipungani uliokuwa umechakaa upande anaokaa yeye. Zile sehemu za kuhifadhia sauti ndani ya pedali tuliziita vyumba. Tulikuwa na chumba cha kuingilia, kwa nyimbo za mwanzo, chenye mwangwi mfupi. Tulikuwa na chumba cha machozi. Na tulikuwa na chumba cha bibi harusi, ambacho tulikitengeneza kwa miezi, yeye akizungusha vitufe na mimi nikipiga, tukaongeza kidogo hapa, tukapunguza pale, mpaka gita likawa halisikiki kama gita la kanisani wala la baa. Lilisikika kama la pale pale. Siku tuliyokipata chumba hicho alikurupuka akanikumbatia. Idd iliyofuata alinipa bangili ya fedha, akaivuta kwa sabuni mpaka ikapita kwenye kiganja changu kipana kama cha mkulima, akasema sasa haitoki tena. Ilikuwa ikigonga nyuzi kila nilipopiga kwa nguvu, ting, na yeye alikuwa akinitania kwamba nimejiongezea chombo cha pili.

Kikundini walinikubali polepole. Mwenye kikundi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kupasua dari, ambaye sote tulimwita Bi mkubwa, aliniita Mwalimu na hakuwahi kuniita kitu kingine. Nilipiga nao harusi za mjini, miaka hiyo yote, lakini nyuma, pembeni, na gauni langu la kawaida. Wao walivaa sare. Kila harusi kubwa huchaguliwa kitambaa, na wote hushonewa kitambaa kimoja. Mimi sikuwahi kuulizwa vipimo vyangu, na sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilijiambia ni kwa sababu nimekaa nyuma.

Basi ilipokuja habari ya harusi ya Ndau, kisiwa cha jirani, na Bi mkubwa akamtuma shoga yangu anipime kiuno, naomba nisamehewe kwa furaha niliyoipata. Harusi ya ukoo mkubwa, kikundi kizima kuchukuliwa kwa boti na vyombo vyake, kulala huko, kula huko. Kitambaa kilikuwa cha zambarau chenye maua madogo meupe. Nilishonewa gauni. Nililitundika nyuma ya mlango wa chumba changu, nikawa nalitazama kila nikitoka kwenda kusahihisha madaftari ya watu. Nilimpigia mamangu simu bara nikamwambia kwamba mwisho nimekuwa mtu wa hapa. Mamangu alicheka akauliza kama nitapatiwa mume pia.

Ni katika majuma hayo hayo pedali ilipoanza kuumwa.

Kwanza ilianza kukatakata. Nikipiga kwa nguvu, sauti inatoka. Nikipiga pole, kama ule wimbo wa kumsubiri bibi harusi unavyotaka, sauti inamezwa kabla haijafika mwisho, kama mtu anayepokonywa maneno mdomoni. Bi mkubwa alikunja uso katikati ya mazoezi. Nikaanza ukutani, kama nilivyofundishwa. Soketi nzima. Waya nikaubadilisha. Jeki za gita, vile vichwa vya chuma vya waya, nikazisugua kwa kifutio cha penseli, maana hewa ya bahari huziwekea kutu. Hakuna kilichobadilika. Nyumbani kwangu nikawasha, na bado. Shoga yangu akaniambia ni uzee, pedali nazo huzeeka.

Halafu ikaanza kujizima. Inawaka, inaonyesha jina lake, unakanyaga chumba, inazimika, inajiwasha upya. Hii niligundua mwenyewe: adapta haikuwa yangu. Ilikuwa ya kinanda chake cha zamani, inafanana na yangu kwa rangi na kwa plagi, ila nguvu yake haitoshi, na ukisoma zile herufi ndogo kama sisimizi mgongoni utaona. Nilipomwonyesha akajipiga kipaji cha uso. Alisema zimefanana mno na yeye mato yake, yaani macho, si ya jana. Kwa kweli zilifanana. Nilimcheka, nikachukua yangu, tukanywa chai.

Alikuwa amepata kinanda kipya wakati huo, kilichotoka Mombasa, kirefu, chenye kioo kinachong'aa kama dirisha la benki. Alisema kinaweza pia kusikiliza chombo kingine na kukipima. Mchana mmoja wa Jumamosi aliniita, akachomeka waya kutoka kwenye pedali yangu hadi nyuma ya kinanda chake, akaniambia anataka kuitafuta hitilafu mahali ilipojificha. Njia yake ilikuwa hii: nikanyage chumba cha bibi harusi, kisha nipige noti moja moja, kila uzi, kila kituo cha kidole juu yake, niiache ilie mpaka ife yenyewe, ndipo niende kwenye nyingine. Nisiharakishe. Kinanda kitasikiliza na kitatuambia ni noti gani yenye ugonjwa. Kabla hatujaanza alibonyeza kitu kwenye pedali na sauti ikaacha kukatika, tulivu kabisa. Nilifurahi, nikamwuliza amefanya nini, akasema tusiitie jicho, tupige.

Nikapiga. Mchana kutwa nilipiga noti moja moja kama mtoto anayefundishwa herufi. Tulifunga madirisha kwa ajili ya joto la nje na kelele za punda, tukabaki na joto la ndani. Kwenye uzi wa tano, noti moja ya chini, bangili iligonga, ting. Nilimtazama nikitaka kurudia. Alitikisa kichwa, akasema haina neno, tuendelee. Alikuwa makini hivi kwamba hakunitania hata mara moja. Tulipomaliza vidole vyangu vilikuwa vimevimba, na yeye akaviosha kwa maji ya chumvi kwenye bakuli, kimoja kimoja. Nalikumbuka bakuli hilo kuliko kitu kingine chochote. Mtu anawezaje kukuosha vidole alivyokwisha kuviiba?

Akaniambia niiache pedali kwake siku chache aisafishe kwa spiriti. Nilipoirudia, vyumba vyote vilikuwa vimefutika. Vile tulivyovijenga kwa miaka havikuwapo, na mahali pavyo palikuwa na sauti zilizokuja nayo kutoka kiwandani, za makelele ya vijana, moja inalia kama mashine ya kuchomelea chuma. Nilikaa chini. Shoga yangu alikaa karibu yangu, akanishika mkono, akasema ni munyu, yaani chumvi. Munyu wa hewa ya bahari umeila akili yake. Babake aliwahi kuona redio ikipoteza stesheni zote kwa ajili hiyo.

Harusi ilikuwa wiki ile ile. Nilitaka kukaa nivijenge upya, hata kwa kukesha, lakini yeye ndiye aliyenizuia, kwa sauti ya huruma kweli kweli. Alisema gita bila sauti yake litaniaibisha mbele ya watu wa Ndau, na Bi mkubwa hasahau aibu. Alisema watajikaza na kinanda peke yake safari hii, na mimi nipumzike. Nililia mbele yake. Nikamshukuru kwa kunifikiria. Asubuhi walipoondoka nilikuwa darasani nikifundisha sehemu na asilimia, na gauni la zambarau lilikuwa nyuma ya mlango.

Jumatatu, katika chumba cha walimu, mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, mtoto wa Amu aliye na dada yake Ndau, alinijia na uso umemchanua.

"Hongera, Mwalimu," akasema. "Sikuyua kama na weye ulikwenda. Gita lako limewaliza watu."

Nilimwambia sikwenda. Alidhani najifanya mnyenyekevu. Katika sherehe hizo haipigwi picha, wanawake wamejifunua na wamejipamba, kwa hiyo dadake alikuwa amerekodi sauti tu, simu ikiwa ndani ya mkoba. Akanipa simu yake nisikilize. Nilisikia vigelegele, nikasikia sauti ya Bi mkubwa ikipasua dari ya watu wengine, na nyuma yake nikasikia gita. Lilikuwa langu. Lilikuwa chumba cha bibi harusi, mwangwi wake ule ule, unene wake ule ule.

Kwanza nilijitetea mimi mwenyewe dhidi ya masikio yangu. Nilijiambia pengine wamecheza rekodi ya zamani. Lakini wimbo ulikuwa mpya, uliotungwa kwa majina ya maharusi hao, na sikuwahi kuupiga. Nikarudia. Ndipo nikaisikia. Kila gita liliposhuka kwenye ile noti ya chini ya uzi wa tano, ting. Noti nyingine hazikuwa nayo. Ile, kila mara, ting, kwa kipimo kile kile. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kugonga namna moja kila mara. Ule mchana wa Jumamosi kinanda hakikuwa kikipima ugonjwa, kilikuwa kikirekodi kila noti yangu ili yeye aje aipige kwa vidole vyake. Nilimrudishia mwenzangu simu yake, nikamshukuru kwa hongera, nikaingia Kidato cha Pili nikawapa zoezi la kimyakimya.

Siku ile nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilitafuta kwenye simu kitabu cha maelekezo cha pedali yangu, nikakisoma chote, nimekaa kitandani na kisanduku mapajani. Ile hali ya kukatakata haikuwa uzee. Kuna sehemu ya kuzuia kelele, inayofunga mlango mpigaji anaponyamaza ili mvumo usisikike. Ukiipandisha hadi mwisho inafunga mlango hata mpigaji akiwa anapiga pole. Mtu alikuwa ameipandisha hadi mwisho, chumba baada ya chumba, na ule mchana wa Jumamosi mtu akaishusha. Na vyumba kufutika haikuwa munyu. Ili vifutike lazima ukanyage vitufe viwili vya pembeni kwa pamoja huku ukiichomeka umeme, na hata hapo haifuti. Inakuuliza kwenye kioo kama kweli unataka kufuta kila kitu, na inakaa inakungoja. Haifuti mpaka umekubali.

Chumvi haijui kusoma. Nilicheka peke yangu nilipoliwaza hilo, kicheko kibaya. Shoga yangu alihamisha vyombo vyote kwanza akavitia kwake, kisha akaibomoa nyumba.

Nilikwenda kwake kesho yake baada ya alasiri, saa ile ile ya mazoezi yetu. Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele, na watu wa bara tunajua kupiga kelele. Alifungua mlango, akaniona na pedali kwapani, na akajua. Hakujitia hajui, nampa hilo. Nilimwuliza nani alipiga gita Ndau. Aliniambia niingie kwanza, niketi. Nikamwambia nitaketi akijibu.

"Mamake bibi harusi alisema atakao ni watu wa nti hii tu," akasema. "Sare ishashonwa. Weye ushafurahi. Ningekwambiaye?"

Safari hii nti sikuhitaji kufasiriwa.

Nilimwambia angeniambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, ningelia siku mbili nikanyamaza. Kwetu mtu akikukataa anakwambia hutakiwi, unamchukia, mambo yanakwisha. Alinitazama kama ninayesema jambo la kishenzi. Akaniambia hawezi, kwao mtu hamkabili rafiki yake na neno kama hilo, hamvunji uso. Alijaribu kuifanya pedali iwe mbovu kidogo tu, ili nijitoe mwenyewe, nisipate kujua kwamba nimekataliwa. Lakini mimi kila ilipoharibika niliitengeneza. Nilikuwa mbishi, alisema, karibu kwa kunilaumu.

"Nalikusitiri, shoga," akasema.

Kusitiri. Nimeishi Amu vya kutosha kuujua uzito wake. Ni kumfunika mtu nguo inapompasuka njiani, ni kuliona la mwenzio ukageuza uso. Aliamini alichokisema. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko wizi wenyewe, kwamba alikuwa amenisaliti kwa adabu, kwa mikono safi, na sasa alikuwa akingoja nione wema wake.

Nikamwuliza, kama walitaka watu wa nti hii tu, mbona gita langu lilikwenda. Lile nalo ni la bara.

Kisha akaniambia ukweli, pengine kwa sababu alikuwa amechoka kunisitiri. "Gita walilitaka," akasema. "Bi mkubwa aliwaahidi gita."

Hapo nilikaa chini. Sikuwa na kelele tena. Nilimwambia aifute sauti yangu kutoka kwenye kinanda chake, sasa hivi, nikiona. Hakubisha. Alikiwasha, akapekua kwenye kile kioo kirefu mpaka akafika ilipo. Alikuwa ameihifadhi kwa jina la MWALIMU. Akabonyeza pa kufutia. Kioo kikauliza kama ana hakika, na chini yake pakawa na ndiyo na hapana. Kidole chake kilikwenda juu ya ndiyo kikasimama. Kilisimama pale muda mrefu, kisha akakirudisha mapajani.

"Siwezi," akasema. "Ni nzuri mno."

"Vile vyangu uliweza," nikamwambia.

Machozi yalikuwa yanamtoka na sikuyafuta. Ningeweza kunyoosha mkono nikabonyeza mwenyewe, kioo kilikuwa kinaniangalia, lakini nilijua nikiibonyeza basi haitakuwapo popote duniani, kwake wala kwangu. Nikakusanya waya zangu. Nilijaribu kuivua bangili nimwachie hapo kwenye mkeka, nikavuta mpaka mkono ukawa mwekundu, na haikutoka. Ilitaka sabuni, na sikutaka kuomba sabuni katika nyumba ile. Nikaondoka nayo.

Nilikuwa nimefika chini, kwenye kile kichochoro kinachopita ukutani kwake, nimebanwa na punda wawili waliobeba mawe, nikawa nangoja wapite. Dirisha lake la juu lilikuwa wazi. Nadhani alidhani nimeshakwenda mbali. Alianza kupiga taratibu, ule wimbo wa kumsubiri bibi harusi, na gita likatoka pale dirishani, zuri kama lilivyokuwa siku tuliyolipata. Likapanda, likazunguka, likaanza kushuka. Nilisimama, pedali kwapani, mkono wangu umetulia ubavuni, na kule juu bangili yangu ikalia.